Maiti Aliyepumua

Nyumba ya Saba, Chumba cha Mbele,
Nyuma ya Karakana ya Magari,
S.L.P. 418.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ipokee ukiwa umekaa, usije ukasimama kuniitikia na lile goti lako. Linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema limeota kiburi, linakubali ngazi za kupanda na kuzigomea za kushuka. Na kifua je? Bado mnalala na soksi mbili mbili? Mwambie binamu yangu kwamba nimeuliza mimi, na kwamba majibu ya "mama hajambo" sikubali tena, nataka maelezo.

Sisi huku tu wazima. Mama ana afya yake, ukiacha macho. Siku hizi uzi anautunga kwa kukisia, na tundu la sindano analitukana chinichini akidhani hatusikii. Cherehani ni ile ile na kelele zake ni zile zile. Mimi bado nipo kwenye kaunta ya duka la dawa nasoma miandiko ya madaktari mchana kutwa, kwa hiyo huu wangu usiulalamikie, umeharibikia kazini.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini habari ya safari hii ni ndefu, na simu yako ina tabia ya kukatika pale pale mtu anapofika penye utamu. Barua haikatiki. Tena neno lenyewe hilo la kukata ndilo lililonikalisha hapa na kalamu, utaona mwenyewe mbele.

Habari ni za ndugu yangu Zimataa. Usishtuke, ni nzuri, ila zimepita njia mbaya kabla ya kufika. Na nani mwingine wa kuandikiwa habari zake kama si wewe uliyempa jina hilo? Sisi wengine tulikuwa tunajifunika khanga ukianza zile hadithi zako, yeye anakusogelea na kusema, "Shangazi, zima taa kwanza." Ukaondoka ukatuachia mtoto asiyetaka taa. Kazi uliianza wewe, jasho tumelitoa sisi.

Ulipoondoka alikuwa bado anaazima kamera. Leo ni mwongozaji wa filamu kumi na mbili, zote za kutisha, zote bila kampuni nyuma yake wala bosi mbele yake. Makampuni yalimwita mara mbili. Wa kwanza walitaka aondoe mzimu abakize mapenzi. Wa pili walikubali mzimu abaki, lakini awe na sura nzuri. Mara zote mbili alirudi nyumbani, akanywa chai yake, akaanza kuandika filamu nyingine. Katikati anapiga picha za harusi za watu, na huko nako hajatulia. Kuna bibi harusi mmoja alirudisha mkanda wake akilalamika kwamba kila anapoonekana, kamera inamjia kwa nyuma, polepole, kama kitu kinachotaka kumla.

Ungemwona anavyofanya kazi ungecheka na kumhurumia. Usiku wote unaouona kwenye filamu zake ni mchana mtupu. Saa nne asubuhi anatundika mablanketi madirishani, anabandika karatasi kwenye kila ufa, na jirani akija kuomba chumvi anafunguliwa mlango na mtu mwenye meno ya karatasi ngumu. Majirani walishazoea, wanapewa chumvi yao na kuondoka. Damu ni sukari iliyochemshwa na rangi ya keki. Mimi niliyelazwa ndani ya hiyo damu nakwambia, sisimizi hawajui kama ni filamu.

Maana mimi ndiye marehemu wake wa kudumu. Nimekufa mara kumi na nne, Shangazi. Nimenyongwa, nimezama, nimeliwa na kabati la nguo. Na mara zote kumi na nne nimekufa kifudifudi, pua sakafuni, nikimeza vumbi. Kuna sababu, na sababu hiyo ni kaka yako.

Nadhani kisa hiki hukuwahi kukipata kikamilifu, maana Baba alikuwa akiona haya kukisimulia na Zimataa akiona uchungu. Mimi sina haya wala uchungu, kwa hiyo sikiliza.

Filamu yake ya kwanza inaitwa Mpangaji Asiyekula. Mtu anapanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, hali, halali, na mwenye nyumba anapoanza kuulizauliza, asubuhi yake anakutwa amekufa. Mpangaji aliigizwa na kinyozi wa pale kona, ambaye hakuwahi kuigiza chochote ila alikuwa na shingo ndefu ya kutia shaka. Mwenye nyumba alikuwa Baba.

Baba alijiteua mwenyewe. Wewe unamjua tangu yupo mezani kwa babu akifundishwa kazi ya saa. Akiwa na saa ya mtu mbele yake na ile miwani ya jicho moja, alikuwa hatikisiki na hapumui, kwa sababu pumzi moja tu ingepeperusha skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele na sote tungeitafuta kwa magoti chini ya meza. Skrubu ikishika, anashusha pumzi moja ndefu iliyotoka visiginoni. Sisi tuliokuwa chumba cha pili tulikuwa tunajua hapo hapo kwamba saa imepona. Basi Zimataa alipotangaza anatafuta maiti, Baba alimwambia, "Maiti wa nini kutafutwa na mimi nipo? Kukaa bila kupumua ndiyo kazi yangu."

Tukamlaza juu ya meza ya kulia chakula, tukamfunika lile shuka jeupe la wageni hadi tumboni, kola ya shati ikibaki nje. Mama alikuwa amechuchumaa upande wa miguu, nje ya picha, akilipiga pindo shuka hilo ili lisining'inie vibaya, sindano mdomoni, mkasi mkononi. Kinyozi akamwinamia Baba aanze maneno yake ya toba, akafika katikati, akasahau, akabaki anamtumbulia maiti macho kama maiti ndiye atakayemkumbusha. Zimataa akapaza sauti, "Kata!"

Mama akakata.

Alikata shuka, Shangazi, kutoka pindoni hadi usawa wa magoti ya Baba, kwa mkasi wake wa kazi, bila kusita. Mwanawe kamwambia kata na yeye ni fundi cherehani, ulitaka afanye nini? Baba aliangua kicheko hadi meza ikasogea. Mama akawa anatuangalia mmoja mmoja. "Kasema kata au hakusema? Si mmesikia wote kasema kata?" Miaka yote hakuwahi kukubali kwamba alikosea, na sisi kwa utani wetu hatukuwahi kumwachia.

Tukaligeuza shuka, sehemu iliyokatwa ikaelekea ukutani. Shuka jingine la namna ile halikuwepo, na betri ya kamera ya kuazima ilikuwa imeshaanza kutupepesea taa nyekundu. Safari hii kinyozi alisema maneno yake yote, na machozi yalimtoka ya kweli. Akamaliza, akanyamaza. Zimataa akafungua mdomo kusema lile neno, jicho likamwangukia Mama na mkasi wake, akaufunga. Akaufungua tena. Alikuwa anatafuta neno jingine, na unajua mtu akitafuta neno kwa haraka, lugha nzima inamkimbia.

Sekunde zikawa zinakwenda. Kinyozi, kwa kuwa hajaambiwa aache, akaendelea kuigiza. Akamwekea Baba vizuri kola ya shati, akaipangusa kwa vidole viwili, kama mtu anayemwandaa mzazi wake kwenda kazini. Hakuna aliyemwandikia hilo, na mpaka leo ndilo jambo zuri kuliko yote katika filamu ile. Na Baba chini ya vidole hivyo anasubiri aambiwe. Akasubiri, akasubiri, akashindwa. Kifua kikapanda na kushuka mara tatu. Ndipo Zimataa alipopata neno lake. "Inatosha, Baba." Na betri ikazimika.

Tangu siku hiyo, kwenye kazi za Zimataa hakuna anayesema kata. Watu wanaambiwa inatosha. Waigizaji wageni wanadhani ni ustaarabu wake tu.

Ila ile picha haikuwa na mbadala. Huwezi kuziondoa pumzi za Baba ukaubakiza mkono wa kinyozi, viko pamoja kama mayai na unga ndani ya keki moja. Filamu ikaenda hivyo hivyo kwenye banda la video la jirani. Siku ya kwanza tulikwenda sote, Baba na koti lake. Ilipofika pale, penye huzuni kuliko pote, mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Anapumua huyo!" Banda zima likavunjika mbavu. Na jina likamganda ndugu yangu. Filamu kumi na moja zimefuata, nyingine nzuri mno, lakini akipita njiani utasikia, "Yule ni yule wa maiti anayepumua." Ndiyo maana mimi nakufa kifudifudi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa kumi na moja kiliandika chuo kimoja cha filamu chenye ukumbi wake. Walikuwa wameiona Mpangaji Asiyekula katika kopi mbovu iliyojaa mikwaruzo, wameipenda, wanataka kuisafisha, kuionyesha kwa heshima kwenye skrini kubwa, kisha waihifadhi katika ghala lao la filamu ili isipotee tena. Zimataa alisoma barua yao akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akatoka nje kwenda kuwatazama mafundi wa karakana wakifungua gurudumu. Alirudi macho mekundu akasema ni moshi.

Akawa anakwenda kule kila siku, kwa fundi wao wa picha, mwanadada mmoja mpole mwenye miwani, anayefuta vumbi kwenye filamu nukta kwa nukta kwa kompyuta. Jioni moja akarudi uso unang'aa. Nilikuwa nakunja nguo. Akaniambia yule mwanadada anaweza kuchukua kifua cha Baba cha sekunde chache nyuma, kilipokuwa kimetulia, akakiweka juu ya kile kinachopanda na kushuka, na mkono wa kinyozi ukabaki pale pale. Mtu hatajua. Kisha akasema, "Dada, hatimaye Baba atakufa sawasawa."

Sitakuandikia niliyomjibu. Mama alisikia yote na akazima cherehani ili asikie vizuri zaidi. La maana ni kwamba nilimwambia anamuua Baba mara ya pili ili watu wamsifu, naye akaniambia mimi kazi yangu ni kulala chini tu, za filamu sizijui. Tukanuniana siku nane. Nikimwekea chai anasema asante kama mgeni.

Nilikuwa na hasira yangu, Shangazi, na nikueleze ilikotoka. Baba akiwa hai alikuwa anamkwepa mwanawe na kamera yake, kila harusi anajificha nyuma ya mtu mrefu. Baada ya kile kicheko cha kwenye banda hakutaka tena kuonekana. Picha za karatasi tunazo, tena nyingi. Lakini Baba anayetikisika hayupo popote duniani isipokuwa pale juu ya meza yetu ya kulia chakula, na alichokifanya pale ni kupumua, basi.

Wewe labda umesahau. Siku ya tatu baada ya mazishi, yale ambayo karatasi za safari zilikuzuia kuyahudhuria, nilikupigia. Ukaniambia picha nilizokutumia umezipokea, ni nzuri, umezipanga juu ya kabati. Ukanyamaza, nikadhani simu imekatika kama kawaida yake. Kisha ukasema, "Lakini picha haipumui, mwanangu." Miaka miwili sasa sijaweza kuyatoa maneno hayo kichwani.

Siku ya tisa Mama alichoka nasi. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akachukua mkoba, akasimama mlangoni. "Nipelekeni nikakione hicho kinachowagombanisha." Yeye hakuwahi kuiona tena filamu ile tangu siku ya banda la video. Tulikuwa tunadhani haipendi.

Chumba cha yule mwanadada ni kidogo, dirisha limezibwa kwa karatasi nyeusi, kuna viti vitatu na skrini mbili juu ya meza moja. Zimataa alisimama ukutani ili sisi tukae. Mwanadada akatuonyesha kwanza ilivyo, kisha akatuonyesha itakavyokuwa. Nisiseme uongo, ilikuwa kazi safi. Ile ya pili Baba alilala kimya kabisa, hata ukimtafutia kosa hulioni. Alilala kama alivyokuwa asubuhi ile tuliyoitwa hospitali, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Hapo Zimataa akaanza kusema, na hakuwa anasema na mimi. Alisema siku ile tukitoka bandani Baba alimshika bega, wakabaki nyuma yetu, akamwambia, "Mwanangu, nimekuharibia." Kisha kila filamu mpya ikitoka, Baba anampongeza, halafu anamuuliza kwa sauti ya chini, "Ile pumzi haiondoki?" Hata kitandani hospitali aliuliza. Zimataa akamjibu haiondoki, kwa sababu wakati huo ilikuwa kweli haiondoki. "Amekufa anadhani kaniharibia kazi," alisema. "Sasa naweza kumwondolea. Sitaki kingine."

Nilikuwa sijui, Shangazi. Siku nane nilimwona mtu anayetafuta sifa, kumbe alikuwa mtoto anayetaka kumtulizia baba yake moyo. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa kuwa nimeshamezwa na ardhi katika filamu mbili, nakuhakikishia safari hii nilitamani kweli. Na bado sikutaka pumzi ile iondoke. Nikakaa pale na vyote viwili.

Mwanadada naye alikuwa amekwama, mkono uko juu ya kile kidude cha kubofya. Akageuka kwa mkubwa wetu kama alivyolelewa, akauliza kwa adabu, "Sasa mama, nikate?"

Mama alishtuka. Nakuapia mkono wake ulikwenda kwenye mkoba, mahali unapokaa mkasi, ukasita hapo.

"Usikate," akasema.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa tena. Kisha akamtazama Zimataa. "Aliyekuharibia ile siku si baba yako, ni mimi. Mimi nilikata shuka, ukaliogopa neno lako mwenyewe, mzee wa watu akaishiwa pumzi akikusubiri. Nilikosea. Haya, nimesema, furahini." Tulikuwa tumesubiri kusikia hivyo miaka kumi na tisa na hakuna aliyefurahi. Akaigeukia skrini, akaweka kidole karibu kabisa na kifua cha Baba bila kukigusa. "Huyu alishakata roho mara moja, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Inatosha."

Zimataa aliposikia neno lake alisimama wima, vile vile wanavyosimama waigizaji wake akilisema yeye. Akavuta pumzi, akamwambia mwanadada, "Turudishe ile ya mwanzo." Akamwomba tu kama anaweza kuufuta mkwaruzo mmoja uliopita usoni mwa Baba. Huo ukafutwa.

Njiani kurudi alitembea kati yetu, amembebea Mama mkoba. Tulipofika kwenye karakana nikamwomba radhi. Akasema hata yeye. Kisha akasema mimi nikifa huwa nafumba macho kwa nguvu mno, alikuwa anataka kuniambia siku nyingi. Hapo nikajua tumepatana.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi iliyopita, saa tisa mchana. Viti vya kukunja, mazulia, watu wamejaa hadi ngazini, wengi wao wanafunzi waliokuwa hawajazaliwa ilipopigwa. Kinyozi alikuja na suti. Mwenyewe siku hizi hana unywele hata mmoja, lakini shingo bado ipo. Sisi tulikaa mstari wa tatu. Walicheka penye kuchekesha, walishikana penye kutisha, na nikamwona Zimataa anavyoshusha kichwa taratibu kadiri ile meza ilivyokuwa inakaribia.

Kinyozi akasema toba yake. Ukumbi kimya, mpaka wengine nikasikia wanapenga kamasi. Mkono ukaenda kwenye kola. Kifua kikapanda.

Hawakosekani, Shangazi. Sauti ya kijana, nyuma kabisa: "Anapumua!"

Watu wakaanza kucheka. Na Mama, bila kugeuka, mkoba magotini, akajibu kwa sauti ile anayomwitia muuza mkaa aliyekwisha pita: "Ndiyo. Anapumua."

Ukumbi ukaulizana kwa macho. Kisha ukacheka tena, na sijui nikueleze vipi, kicheko kile hakikuwa cha kumcheka mtu. Wengine walipiga makofi. Nikamtazama ndugu yangu nikiwa na hofu, nikamkuta ameinua kichwa, anamwangalia Baba pale juu, mkubwa kama nyumba, na anacheka. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa mkono wa gauni langu, lile jipya.

Jana ameniletea kurasa za filamu ya kumi na tatu. Nakufa ukurasa wa tisa, kama kawaida, ila ameandika kwa mkono wake: chali, uso wazi. Nilimuuliza nikishindwa kubana pumzi itakuwaje. Akasema nisibane.

Basi ndani ya bahasha hii kuna flashi, filamu imo. Mtoto wa binamu atajua pa kuichomeka. Kile kitambaa cheupe kilichoifunga usikitupe, ni kipande cha lile shuka. Mama amekizungushia pindo mwenyewe kwa macho yale yale mabovu, alikesha akilitukana lile tundu, na amesema nikuambie hajamkatia mtu mwingine shuka tangu siku ile.

Nisalimie binamu yangu na wanawe wote, nisalimie na yule jirani yako wa ghorofa ya chini anayekuletea magazeti, mwambie huku tunamfahamu na tunamshukuru. Mama anakusalimu, anasema wifi ni wifi hata akiwa mbali, na kwamba anakukumbuka anapokuwa peke yake na cherehani. Zimataa anakusalimu pia. Kaongeza kwamba hadithi ya mwanamke asiye na kisogo hukuimalizia, na kwamba miaka yote hii yeye anaisubiri.

Mungu akulinde, akulainishie hilo goti, akulaze salama na akuamshe salama, na atukutanishe tungali tunatambuana.

Ukiiangalia, Shangazi, zima taa. Subiri dakika ya arobaini na tatu, kinyozi anapomaliza maneno. Pumzi ya kwanza ni fupi, ameiiba. Ya pili anajaribu kuificha. Ya tatu sikuelezi, uliisikia tangu mko wadogo mezani kwa babu. Utaijua mwenyewe.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda,

Marehemu wa mara kumi na nne